Aliyekaa na Mgonjwa

Kiti kilikuwa cha moto. Moto wenyewe haukuwa wa jua, maana pazia lilikuwa zito na halijafunguliwa tangu asubuhi. Ulikuwa ule moto wa kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi, mtu mzima mwenye uzito wake. Mkaguzi alikikalia, akainuka papo hapo, akakipapasa kwa kiganja.

"Nani alikuwa amekaa hapa?"

Mdogo wake alikuwa amelala chali kitandani, amefungwa bendeji macho yote mawili. Aligeuza uso kuifuata sauti. "Si wewe, dada?"

"Mimi natoka kula. Nimekuuliza nani alikuwa amekaa hapa."

"Hajaingia mtu mwingine," mdogo wake alisema, akatabasamu kidogo kama aliyetaniwa.

Mkaguzi hakuwa mtu wa utani. Alikuwa amekagua shule kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu alirudisha gari la ofisi na mhuri, lakini jina la kazi lilibaki naye. Hata majirani walimwita hivyo. Alikuwa na namna yake ya kuingia darasani akamtazama mwalimu kuanzia kiatu hadi utosi, na mwalimu akasahau alichokuwa akifundisha. Sasa hakuwa tena na shule ya kukagua. Alikuwa na hoteli.

Na hoteli yenyewe ilikuwa ile ya bei ya katikati, inayoona haya kuwa duni lakini isiyokuwa na uwezo wa kuwa nzuri. Zulia la korido lilikuwa na rangi ya chai iliyolala. Sabuni ilikuwa ndogo kama kidonge, lakini imevikwa karatasi ya dhahabu kama bibi harusi. Ukutani ilitundikwa picha ya maporomoko ya maji. Bafuni maji yalitoka kwa kudondoka. Na juu ya meza ya mapokezi kulikuwa na kibao kilichoandikwa TUNAJALI, na chini ya kibao hicho binti mmoja aliyejali simu yake. Mkaguzi alipofika siku ya kwanza alikitazama kibao, akamtazama binti, akasonya.

Walikuwa pale kwa sababu ya hospitali ya macho iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Mdogo wake alikuwa fundi cherehani. Jicho lake la kushoto lilikufa akiwa na miaka saba. La kulia, ndilo lililomlea yeye na wanawe wawili, lilianza kuingia ukungu mwaka uliopita, akawa anashona mikono yote miwili ya gauni upande mmoja. Jumatatu alipasuliwa. Walifunga na lile bovu pia, ili mboni zisihangaike pamoja. Daktari akasema bendeji itatolewa Jumamosi. Mpaka hapo asiiname, asinyanyue kitu, na zaidi ya yote asilie.

"Machozi hapana," daktari alikazia. "Chumvi na kidonda kibichi havipatani. Akilia, jicho tunalipoteza."

Wanawe walikuwa mbali, makazini. Aliyekuwa na nafasi ni dada mtu. Mkaguzi alikuja kwa kuwa asingekuja watu wangesema. Alimpa mdogo wake dawa kwa saa, akamlisha kwa kijiko kama anayejaza fomu, na kila siku baada ya chakula cha mchana alishuka mapokezi na gazeti lake, akakaa huko kuanzia saa nane hadi saa kumi, maana hakuweza kuvumilia kumsikiliza mtu akieleza habari za vitambaa.

Kwa hiyo kiti cha moto cha siku ile ya Jumanne alikitolea hukumu moja: wafanyakazi wa hoteli hii wanajipumzisha vyumbani mwa wageni. Akaiandika kwenye daftari lake dogo, chini ya habari ya sabuni.

Jumatano alirudi saa kumi kamili, akafungua mlango wa chumba namba 309, akakutana na harufu. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyoungua, nzito, kama yamefurika jikoni na kushika moto. Hapakuwa na jiko orofa ile. Mdogo wake alikuwa amekaa kitandani, ameegemea mto, na nywele zake, ambazo asubuhi zilikuwa timutimu, zilikuwa zimesukwa mistari tisa iliyonyooka kama imepigwa kwa rula.

"Sikujua unajua kusuka, dada," alisema, akizigusa kwa ncha za vidole. "Tena mkono wako mwepesi! Sikusikia hata kuvutwa."

Mkaguzi hakuwa amemsuka mtu yeyote maishani mwake. Alitoka koridoni, akamkuta mama wa usafi akisukuma kitoroli cha mashuka, mwanamke wa makamo mwenye magoti mabovu.

"Wewe mama! Nani amekuruhusu kuingia chumbani kwangu kumsuka mgonjwa?"

"Mimi, mama?" Mama wa usafi alitazama mlango wa 309 kisha akatazama pembeni. Sauti yake ilishuka. "Mimi hapo siingii bila kubisha mara tatu. Na nikiingia, naweka kitoroli mlangoni usijifunge."

"Kwa nini?"

"Waulize mapokezi." Alianza kusukuma kitoroli, halafu akasimama. "Ila mgonjwa usimwache peke yake, mama. Mtu asiyeona, usimwache humo peke yake."

"Huo ndio ujinga unaowafanya mzeeke mkisukuma vitoroli," Mkaguzi alimwambia, akashuka mapokezi. Binti wa mapokezi aliinua macho kwenye simu kwa shida, akasema hakuna tatizo lolote kwenye chumba hicho, mama, na kama mama ana maoni kuna kisanduku pale. Mkaguzi akachana ukurasa wa sabuni katika daftari lake, akautia kisandukuni.

Alhamisi Mkaguzi alishuka na gazeti kama kawaida yake, lakini hakusoma. Maandishi yalimchezea. Saa nane na nusu alikunja gazeti, akapanda kwa ngazi badala ya lifti, akavua viatu vyake orofa ya pili ili awakamate hao wasukaji, na alipofika mlangoni pa 309 aliinama, akatega sikio.

Kulikuwa na mtu akizungumza ndani. Sauti ilikuwa ya mwanamke, kavu, inayotamka kila neno mpaka mwisho wake. Ilimchukua muda kuitambua, kwa sababu mtu hajisikii mwenyewe jinsi wengine wanavyomsikia. Aliwahi kuisikia mara moja tu, katika kinasa sauti, kwenye semina, na hakuipenda. Ilikuwa sauti yake.

"...hukuanguka," sauti ilikuwa ikisema. "Hakukuwa na kijiti. Ulinichorea daftari langu la hesabu, nikashikwa na hasira, nikakurushia bikari, ncha yake ikaingia jichoni. Mama alipokuja mbio nikamwambia umeanguka kwenye kijiti, nikakubana mkono mpaka na wewe ukasema hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nimekaa na neno hili miaka hamsini. Nisamehe, mdogo wangu."

Mkaguzi alikishika kitasa. Jambo lile hakuwahi kumwambia mtu, si mama yake aliyekwisha kufa, si mume wake aliyekwisha kumwacha; na lililomkata maini zaidi ni jibu lililofuata, polepole, katika sauti ya mdogo wake aliyemdhania siku zote kuwa zuzu.

"Nilijua, dada. Siku zote nilijua. Nilikuwa nangoja useme tu."

"Usilie," sauti ikasema, kwa upole ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuutoa kooni. "Daktari amekataza."

Mkaguzi akausukuma mlango. Pazia lilikuwa limefungwa. Harufu ya maziwa yaliyoungua ilimpiga usoni. Mdogo wake alikuwa amelala, mkono wake wa kulia umening'inia nje ya kitanda, vidole vimefumbatwa hewani kama vilivyoshika vidole vingine. Na mbele ya kitanda kile kiti, kitupu, kikilia taratibu, kama viti vinavyolia vikipunguziwa mzigo.

"Umefungua mlango wa nini, dada?" aliuliza mgonjwa. "Si ulikuwa umekaa hapa?"

Saa ile ile walihamishwa. Mkaguzi hakueleza sababu. Aligonga meza ya mapokezi kwa ufunguo mpaka binti akaweka simu chini, na wakapewa chumba namba 214, upande wa pili wa jengo. Alimshika mdogo wake mkono, akamshusha hatua kwa hatua, akamwingiza. Chumba kilikuwa kipya kwao, kimefungwa siku tatu, vumbi liko juu ya meza. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti kilichokuwa karibu na dirisha, akakiwekea kiganja, akaondoa kiganja haraka.

Basi ikabidi aseme. "Sikiliza. Mtu uliyekuwa ukizungumza naye kule juu si mimi."

"Dada, usianze."

"Nakwambia si mimi! Nilikuwa mlangoni. Kuna kitu katika hoteli hii."

Midomo ya mdogo wake ilianza kucheza. "Ndiyo tabia yako. Ukitoa neno zuri leo, kesho unalirudisha. Sema lolote utakalo, lakini hilo usinirudishie. Miaka hamsini, dada." Bendeji ilipanda na kushuka juu ya mashavu yake, na Mkaguzi akakumbuka maneno ya daktari. Yeye, aliyezoea kuwaliza walimu wakuu, alikaa kimya pembeni ya kitanda kwa kuogopa chozi moja.

Asubuhi ya Ijumaa alimfuata mama wa usafi mwenyewe. Hakumwomba radhi, alimwambia tu, "Haya, sema unachokijua." Mama wa usafi alimwashiria amfuate. Alimpeleka chini kabisa, chini ya jengo, kwenye chumba cha kufulia, ambako mvuke ulikuwa mwingi mpaka taa zilionekana kama zimezama majini.

Dobi wa hoteli alikuwa mzee mwembamba mwenye mikono iliyochanika kwa sabuni. Alikuwa akinyoosha shuka, na hakuacha pasi hata alipokuwa akisikiliza.

"Shikamoo, mzee," mama wa usafi alisema. "Huyu ndiye wa 309."

"Marahaba. Namjua. Aliyeandika malalamiko ya sabuni." Dobi alimtazama Mkaguzi kuanzia kiatu hadi utosi, na Mkaguzi, kwa mara ya kwanza, akajua kutazamwa hivyo kukoje. "Wageni wa hoteli za namna hii nimewafulia miaka ishirini na minane. Maskini angeshukuru, tajiri asingejali. Nyinyi wa katikati mnalala kwenye jasho la watu na mnadharau watu."

"Sikuja hapa kutukanwa na dobi."

"Umekuja kwa sababu jini limekaa na mgonjwa wako na wewe ulikuwa unasoma gazeti." Pasi ilifoka mvuke. "Hilo jini halina sura wala sauti, lina harufu tu. Linachukua. Huwaendea wasioona na waliolala, linakaa kwenye kiti, linafanya kazi ambayo mtu wao hakuifanya. Mwanzoni huazima sauti tu. Lakini mgonjwa akishalikubali moja kwa moja kwamba hili ndilo dada, basi ndilo linakuwa dada."

"Na mimi?"

Dobi alilikunja shuka mara mbili, akalipiga kofi kulilaza. "Wewe utajua utakapokwenda."

Dobi mwenyewe alikuja chumba namba 214 saa nane mchana, wakati ambao korido nzima ilikuwa imelala na ilisikika lifti tu ikihema katika shimo lake. Hakubeba ubani wala hirizi, ila ndoo ya maji ya chumvi na shuka moja jeupe lililoloweshwa humo. Mama wa usafi aliweka kitoroli mlangoni. Mgonjwa aliuliza ni nani, wakamwambia wanabadilisha mashuka.

"Nitalifunika," dobi alimnong'oneza Mkaguzi. "Likiwa chini ya chumvi haliwezi kuazima kitu. Hapo utamwambia mdogo wako neno lile lile, wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, kama lilivyo. Akilipokea kwako, hili halina tena pa kukaa. Usipunguze hata kidogo."

Akalikamua shuka, akalikung'uta mara moja, akalirusha juu ya kiti kilichokuwa kitupu, na shuka halikuanguka, halikulala juu ya kiti kama shuka linavyolala, bali lilisimama hewani likashika kichwa, likateremka likashika mabega mawili, likashika magoti yaliyobanana kiungwana kama ya mwanamke aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, na pale penye kinywa kitambaa chenye maji kikawa kinaingia ndani na kutoka, kinaingia na kutoka, taratibu, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikajaa chumba mpaka mama wa usafi akaziba pua kwa khanga yake, akageukia ukutani.

"Sema," dobi alinong'ona. "Sema sasa."

Mkaguzi alifungua kinywa. Alimwona mdogo wake, uso umeinuliwa kwa kungoja. Alikuwa na neno lenyewe ulimini, bikari, neno dogo. Lakini alimwona na dobi, mwenye ndara za plastiki na vidole vilivyochanika. Akamwona na mama wa usafi, ambaye kesho yake angewasimulia wenzake jikoni, wakacheka huku wakimenya viazi: kumbe yule mwenye kiburi alimtoboa ndugu yake jicho. Mbele ya hawa? Shingo yake ilikakamaa yenyewe, kwa mazoea ya miaka.

"Kama kuna jambo lolote," alisema, "ambalo katika utoto niliwahi kulifanya, na likawa limekuudhi, basi naona yaishe."

Maji ya chumvi yalidondoka sakafuni kutoka kwenye shuka.

"Mbona unaongea hivyo, dada?" mdogo wake aliuliza, akikunja paji la uso. "Kama unasoma ripoti."

"Si hivyo," dobi alisema kwa ukali. "Hilo si neno lenyewe! Rudia!"

Lakini shuka lilikuwa limekwisha inama mbele. Kutoka chini yake ilitoka ile sauti kavu, safi, isiyotetemeka, na chumvi haikuizuia tena. "Nisamehe, mdogo wangu. Ni mimi niliyekurushia."

Uso wa mgonjwa ulilainika wote. "Sasa ndiyo wewe," alisema, akanyoosha mkono. Na shuka likanyanyuka mahali penye kiganja, likaukuta mkono wake nusu njia, na Mkaguzi akaona vidole vitano vya kitambaa kilicholowa vikijifunga taratibu juu ya vidole vya mdogo wake. Kisha shuka likaporomoka lote kwa mpigo, likabaki kama tambara juu ya kiti.

Dobi aliliokota, akalitupa kwenye ndoo. Hakuonekana kuogopa. Alionekana kuchoka.

"Neno moja," alimwambia Mkaguzi. "Umepewa neno moja tu, mama msomi. Mimi nina mashuka ya vyumba arobaini yananingoja."

"Rudi! Fanya tena!"

Hakurudi. Mama wa usafi alimfuata na kitoroli chake, bila kumtazama mtu.

Usiku ule Mkaguzi hakutoka bafuni. Alisimama mbele ya kioo akijaribu kulitamka neno, na kila alipolitamka lilitoka dogo zaidi, la mkwaruzo, mpaka alfajiri ikawa si sauti tena bali pumzi. Chumbani alisikia mazungumzo ya chini kwa chini usiku kucha, na mara mbili alisikia mdogo wake akicheka.

Jumamosi walivuka barabara. Mdogo wake alitembea vizuri mno kwa mtu asiyeona, na hakuushika mkono wa Mkaguzi. Mkono wake wa pili, wa upande wa ukuta, ulikuwa umepinda kidogo kama umekumbatia kiwiko. Kwenye benchi la kungojea, Mkaguzi hakuwa na dharau tena hata ya kumpa nzi. Alipiga magoti sakafuni, mbele ya wagonjwa wote na wauza miwani, akamshika mdogo wake miguu.

"Ni mimi," alikwaruza. "Bikari. Mimi ndiye niliyekurushia. Nilikudanganyia kwa mama. Nilikuona hufai kitu maisha yako yote, kwa sababu kila nikikutazama niliona lile jicho. Mdogo wangu, nisamehe."

Mgonjwa alivuta miguu yake pole pole, kwa adabu.

"Samahani, mama," alisema. "Nadhani umenifananisha."

Ndani, daktari alikata bendeji kwa mkasi mdogo. Alifuta, akatia dawa, akamwambia afungue taratibu. Jicho la kulia lilifunguka. Lilikuwa safi, jeusi, linang'aa.

"Unaona?"

"Naona," mdogo mtu alisema, na furaha ikamjaa sauti. "Naona dirisha. Naona kalenda. Naona mpaka tarehe!"

"Vizuri sana. Nani amekuja na wewe?"

"Dada yangu." Jicho lilizunguka chumba. Lilimpitia Mkaguzi aliyekuwa amesimama hatua mbili mbele yake, likampitia kama linavyopita kwenye kabati, halikukwama popote, likaenda likatua mlangoni. Hapo likatabasamu.

Mkaguzi alitaka kupiga kelele. Koo lilifunguka, hewa ikapita, basi.

Nesi aliingia na faili. "Dada wa mgonjwa yuko wapi? Nahitaji sahihi hapa, mumpeleke nyumbani."

Mkaguzi alinyoosha mkono haraka kuipokea kalamu. Nyuma yake, mlangoni, ile sauti iliyonyamazisha madarasa kwa miaka thelathini na moja ikasema, "Niko hapa."

"Aa, karibu, mama," nesi alisema kwa heshima. Akaipitisha kalamu juu ya bega la Mkaguzi, na kalamu ikapokelewa.